Maji Hayapotei

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Walilitoa neno hilo kumwonya mtu asitende jambo ambalo majuto hayawezi kulirudisha, na kwa maana hiyo neno lao litadumu kuwa kweli. Lakini tukiyatazama maji yenyewe, tutaona kwamba yuko mzoaji mmoja asiyechoka, naye ni jua. Kila tone limwagikalo, liwe la bahari, la ziwa, la shamba au la jasho la mpagazi, jua hulipandisha juu likiwa mvuke. Upepo hulichukua, baridi ya mlimani huligeuza kuwa tone tena, nalo hurudi ardhini. Kazi hiyo ilianza kabla binadamu hajazaliwa, wala haijapumzika hata siku moja.

Mambo hayo niliyafundisha siku moja katika darasa langu huko Kiuu, kata iliyo Githurai, upande wa Ruiru. Mgeni akilisikia jina la Kiuu kwa mara ya kwanza hudhani ametajiwa kiu, nasi humcheka. Lakini wakati wa kiangazi kicheko hicho huwa kifupi. Nilikuwa nimechora ubaoni bahari, jua, wingu, mlima na mto, nikatia mishale kuonyesha safari ya maji, hata mchoro ukakamilika kama duara. Nikasema, "Mwaonaje? Maji ya dunia hayapotei." Msichana mmoja aliyechelewa kufika asubuhi ile, kwa kuwa alikuwa amepanga foleni ya maji tangu alfajiri, akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, ikiwa maji hayapotei, mbona kwetu hayapo?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jawabu. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kulichora duara lile vizuri, lakini sikufundishwa kwamba duara lenyewe lina historia. Ninayoyaandika hapa ni jawabu langu kwa msichana yule. Limechelewa, lakini nadhani halijapitwa na wakati.

Tangu kale watu wa kila nchi walijiuliza maji ya mito hutoka wapi. Wakikuyu wa nchi hii walipoishiwa na mvua walikusanyika chini ya mkuyu mtakatifu, uitwao mugumo kwa lugha yao, wakaelekeza nyuso zao Kirinyaga na kumwomba Mungu. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa pande za Gatundu, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Kenya, ameisimulia ibada hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1938. Wazee wale hawakuwa na chombo cha kupimia mvua, lakini walijua kwamba mvua, mlima na mti haviachani.

Huko Ulaya, watu wengi wenye elimu waliamini jambo jingine kabisa. Walidhani kwamba maji ya bahari hupenya chini kwa chini katika mapango ya ardhi, hujichuja chumvi yakiwa njiani, kisha hupanda mpaka milimani na kububujika kama chemchemi. Hawakuweza kusadiki kwamba mvua peke yake yaweza kuijaza mito mikubwa. Mwaka wa 1674 Mfaransa mmoja, Pierre Perrault, alitoa kitabu ambamo alikisia mvua iliyonyesha katika nchi ya mwanzo wa mto Seine, akailinganisha na maji yaliyopita mtoni. Aliona kwamba mvua ilikuwa karibu mara 6 ya maji ya mto. Basi mvua haikuwa haba. Ilitosha mto, ikasaza.

Mwingereza Edmond Halley akaongeza sehemu ya pili ya hoja. Mwaka wa 1677 alikuwa katika kisiwa cha Saint Helena akizitazama nyota juu ya kilima, na usiku umande ulimsumbua kwa kuziganda lenzi za vyombo vyake. Mwaka wa 1687 alitangaza hesabu alizozifanya kwa kupima jinsi maji ya chumvi yapungukavyo ndani ya chombo, akaonyesha kwamba mvuke utokao katika bahari ya Mediterania ni mwingi ajabu. Hivyo duara likafungwa: bahari huilisha mvua, mvua huilisha mito, mito huirudishia bahari. Leo yajulikana kwamba takriban asilimia 97 ya maji yote duniani ni ya bahari, na kwamba mvuke uliopanda hukaa angani kwa wastani wa siku 9 tu kabla ya kuanguka tena. Wingu tulionalo leo si lile la mwezi uliopita.

Sasa tuitazame safari hiyo katika nchi yetu wenyewe. Mvua zetu nyingi huzaliwa Bahari ya Hindi. Mabaharia wa pwani walizijua pepo zake kwa majina tangu zama za majahazi: kaskazi na kusi. Pepo hizo zinapobadilishana zamu, katika majira ambayo jua hupita utosini mwa nchi za Ikweta, ndipo tupatapo masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Hewa yenye unyevu husafiri mamia ya kilomita juu ya nyika kavu za mashariki pasipo kudondosha maji mengi. Kisha hukutana na ukuta wa Nyandarua, safu ya milima ambayo vilele vyake hufikia mita 4,000 hivi. Hapo hapana njia ila kupanda. Ikipanda hupoa, ikipoa haiwezi tena kuuchukua mzigo wake, na mvua hunyesha.

Wakikuyu waliiita safu hiyo Nyandarua kwa kuwa mgongo wake wafanana na ngozi iliyotandazwa ili ikauke. Joseph Thomson, msafiri wa Uingereza aliyepita katika miaka ya 1883 na 1884, akaibandika jina la bwana mmoja wa kwao, Aberdare. Majina yote mawili yapo hata leo. Ni ajabu kwamba mlima wenye jina la ngozi ikaukayo ndio unaotunywesha.

Mvua iangukayo katika msitu wa Nyandarua haikimbii mara moja. Majani huipokea kwanza, ikapoteza nguvu zake. Kisha hudondoka juu ya kuvu na majani makuukuu yaliyooza, ambayo huifyonza mfano wa sifongo. Mizizi imeipasua ardhi, nayo maji huzama taratibu, yakaja kutokea kama chemchemi baada ya wiki na miezi. Ndiyo sababu mto huendelea kwenda mwezi wa Februari, wakati ambapo mvua imekwisha kusahauliwa. Sehemu nyingine ya maji huvutwa na mizizi na kurudishwa hewani kwa majani, hata twaweza kusema kwamba msitu hutoa jasho, na jasho lake huwa mvua ya mahali pengine.

Kutoka milima hiyo mito yetu hushuka kwa njia mbili, na jambo hili hupendeza kulijua. Chania na Thika hukutana katika mji wa Thika, karibu na maporomoko yanayojulikana sana, kisha huenda kuungana na Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, ambao huingia baharini karibu na Kipini. Lakini mto Ruiru huelekea Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Basi mwendo mfupi tu wa gari kati ya miji ya Ruiru na Thika hutupitisha juu ya mgongo wa ardhi ugawao mito ya nchi. Matone mawili yaliyotoka katika wingu moja yaweza kuangukia pande mbili za mgongo huo, yasionane tena mpaka Bahari ya Hindi.

Hiyo ndiyo njia ambayo maumbile yaliyapangia maji. Binadamu naye akaja na njia zake, na hapo ndipo historia yenyewe inapoanza.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka wa 1899. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu kadha wa kadha, mojawapo ikiwa maji. Hata jina lake latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Lakini mji ulikua upesi kuliko kijito chake. Haikuchukua miaka mingi, maji yakaanza kutafutwa katika chemchemi za Kikuyu. Nazo zilipoelemewa, mji ukanyoosha mkono hadi mto Ruiru, na mwishoni mwa miaka ya 1940 likajengwa bwawa la Ruiru, katika nchi ya juu ya mto huo, liwezalo kuweka kama mita za ujazo milioni 3. Bwawa la Sasumua, karibu na Njabini, lilifuata katikati ya miaka ya 1950, na baadaye likaongezwa kimo hata likaweza kuweka karibu milioni 16. Mwaka wa 1994 likakamilika bwawa la Ndakaini juu ya mto Thika, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70.

Tazama, msomaji, jinsi hesabu hiyo inavyopanda: 3, kisha 16, kisha 70. Wala haikukoma hapo. Handaki la karibu kilomita 12 limechimbwa chini ya vilima vya Murang'a ili maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati yapelekwe Ndakaini. Kabla halijakamilika ulizuka ubishi mkubwa hadharani, mwaka wa 2016, wengine wakihofu kwamba nchi ya chini itakaushwa, wengine wakisema kwamba yatakayochukuliwa ni maji ya mafuriko tu. Kila mara mji ulipoona kiu ulipanda mlima hatua moja zaidi, na wakazi wake, ambao hesabu ya mwaka wa 2019 iliwakuta takriban milioni 4.4, hawajaacha kuongezeka.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Maji ya Sasumua na Ndakaini kwa asili ni ya upande wa Tana. Yakiisha kutumiwa Nairobi hutiririka katika mto Nairobi, nao huingia Athi. Hivyo maji yaliyokuwa yakienda Kipini sasa huishia Malindi. Binadamu ameushika mshale mmoja wa duara lile na kuuelekeza kwingine. Sisemi kwamba amekosa, maana mji hauishi bila maji. Nasema kwamba duara nililolichora ubaoni kana kwamba ni kazi ya Mungu peke yake lina alama za mikono yetu pia.

Mikono hiyo imefanya mema na mabaya. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Murang'a ulikuwa ukichukuliwa na mvua, ikaamuru watu wachimbe matuta. Elimu yenyewe ilikuwa sahihi: tuta huyasimamisha maji, yakapata nafasi ya kuzama. Lakini kazi ilikuwa ya kulazimishwa, na mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake, katika nchi ambayo wenyewe walikuwa wamebanwa baada ya ardhi nyingine kuchukuliwa na walowezi. Mwezi wa Julai mwaka wa 1947 mkutano mkubwa ulitoa shauri kwamba wanawake wasichimbe tena, na mwaka uliofuata wanawake wenyewe wakakataa waziwazi. Kazi njema ikaharibika kwa sababu ya namna ilivyoamrishwa. Baada ya uhuru wakulima wa Machakos na sehemu nyingine walichimba matuta ya namna iitwayo "fanya juu" kwa hiari yao, kwa kuwa shamba lilikuwa lao na faida ilikuwa yao. Na jina hilo la Kiswahili leo hutumiwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi.

Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka wa 1940, ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba karibu na kwao palikuwa na mkuyu ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake. Karibu na mti huo palikuwa na kijito alichokichezea utotoni. Baada ya miaka mingi alirudi akakuta mti umekatwa, nacho kijito kimekauka. Hapo aliona kwamba katazo la mama yake lilikuwa na elimu ndani yake: mizizi ya mti ule ilifungua njia ya maji. Mwaka wa 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti, na mwaka wa 2004 akapewa tuzo ya amani ya Nobel. Katika mwaka wa 2015 ukazinduliwa mfuko maalumu ambao kwao watumiaji wa maji ya nchi ya chini huwasaidia wakulima wa nchi ya juu ya Tana kuchimba matuta na kupanda nyasi na miti. Ni kulipa deni ambalo kwa miaka mingi halikuwa limetajwa.

Sasa na turudi Kiuu, kwa msichana na swali lake.

Nchi ya Ruiru na Kahawa, ambamo kata yetu imo, ilikuwa kwa miaka mingi nchi ya mashamba makubwa, na kahawa ndiyo iliyokuwa mfalme. Shamba halinywi kama msitu, lakini hunywa. Leo mahali pa mashamba mengi pamejaa majumba ya kupanga, mapaa ya mabati, nyua za saruji na barabara za lami, na kando yetu yapita barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka wa 2012. Bati halinywi maji, wala lami hainywi. Mvua iangukayo kwetu haina pa kuzama. Hukimbia juu ya ardhi, hujaa mitaroni pamoja na takataka tulizozitupa wenyewe, kisha huingia majumbani. Katika mwezi wa Aprili na wa Mei mwaka wa 2024, mafuriko yalipoiharibu sehemu kubwa ya nchi, mitaa mingi ya Nairobi na ya Kiambu ilikuwa chini ya maji. Lakini si miaka mingi kabla ya hapo, kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020, mvua zilikuwa zimekosekana misimu 5 mfululizo katika kaskazini na mashariki ya Kenya. Wazee wakumbuka habari kama hizo za mwaka wa 1961, ukame mkali uliofuatwa na gharika. Na dunia ikizidi kuwa na joto, hewa huweza kubeba mvuke mwingi zaidi, kwa kadiri ya asilimia 7 kwa kila digrii moja, hata ikiumwaga huumwaga kwa kishindo.

Basi jawabu langu ni hili. Maji hayapotei, lakini hayakuahidi kukaa mahali tunapoyataka, wala kuja wakati tunapoyahitaji, wala kubaki safi baada ya kuchafuliwa. Duara la maumbile huyarudisha maji duniani. Haliyarudishi katika mtungi wa mtu fulani. Kuyafikisha mtungini ni kazi ya watu: ya wale waulindao msitu, ya wale walimao mteremkoni, ya wahandisi, ya wapanga miji, na ya viongozi waamuao bomba lipite wapi na lisipite wapi. Kwa miaka mingi mto uliobeba jina la Ruiru uliunywesha mji mkuu, ilhali nyumba nyingi za Ruiru yenyewe zilinunua maji kwa mtungi. Bwawa la Karimenu katika Gatundu Kaskazini, lililozinduliwa mwaka wa 2022, lilikusudiwa kuipunguzia kiu miji ya Ruiru na Juja. Ni hatua njema. Hata hivyo bwawa haliumbi maji, huyaweka tu, nalo latazamia mlima uleule na msitu uleule.

Somo lililofuata nililianza kwa kumwambia msichana yule kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko mchoro wangu. Kisha tulitoka nje na utepe wa kupimia. Tulipima paa la madarasa mawili, tukapata kama mita za mraba 200. Nikawaambia waseme mvua ya milimita 50, ambayo yaweza kunyesha hapa kwa siku moja ya masika, ingetupa maji kiasi gani. Waliinama juu ya madaftari yao. Yeye ndiye aliyetangulia kumaliza: lita 10,000, yaani mitungi 500 ya lita 20. Alilitazama paa kwa muda, na mtaro uliokuwa chini yake, ambao wiki ile ulikuwa umeyapeleka maji hayo yote barabarani.

Akasema, "Mwalimu, kumbe yalipita hapa."

Paa moja halitaondoa kiu ya kata nzima, wala pipa la mvua halimwondolei mkubwa wajibu wa kuleta bomba. Lakini mtu ajuaye kwamba maji yalipita mlangoni pake hawezi tena kusema kwamba hayapo. Atauliza yametoka wapi, yameelekea wapi, na ni nani aliyeamua njia yao. Kijana aulizaye maswali hayo matatu ameanza kulijua somo la maji, na la historia pia.